MICHE MILIONI, MITI MINGAPI?

Nina swali kwa waheshimiwa, kwa wahariri, na kwako wewe unayesoma hapa ukiwa ofisini wakati bosi anadhani unaandaa ripoti: ile miche tunayopanda kila mwaka huwa inakwenda wapi?

Maana kama ingekuwa inakua yote, Dar ingeshakuwa msitu na tungekuwa tunagombania njia na tumbili. Aprili 1 ya kila mwaka ni Siku ya Upandaji Miti Kitaifa. Halmashauri zetu zilishapewa lengo la kupanda miti 1,500,000 kila moja kwa mwaka. Mwaka 2016 mkoa wetu wa Dar es Salaam ukazindua kampeni yake yenyewe, ikaitwa Mti Wangu. Fanya hesabu ya haraka haraka halafu toka nje uangalie mtaani kwako.

Shughuli zenyewe mnazijua. Mashimo yamechimbwa tangu jana yake. Mgeni rasmi anachelewa, watoto wa shule wamesimamishwa juani, ngoma inapigwa. Mheshimiwa anakabidhiwa jembe jipya ambalo bado lina karatasi ya dukani, anarudishia udongo mara tatu, anamwagia maji kutoka kwenye ndoo aliyoshikiwa na mtu mwingine, picha zinapigwa. Kesho yake gazeti linaandika: "Miche 5,000 yapandwa". Hiyo 5,000 ndiyo habari. Hakuna gazeti linalorudi mwezi wa tisa kuandika "Miche 4,600 yakauka".

Sisemi kwamba kupanda miti ni kubaya. Ninachosema ni hiki: tunahesabu kitu kisicho sahihi. Tunahesabu mche siku unapoingia ardhini, badala ya kuhesabu mti uliobaki hai baada ya miaka mitatu. Na tukishahesabu vibaya, kila kinachofuata kinakwenda vibaya.

Tuchukue penseli. Kwa hapa Dar, Aprili ni katikati ya masika, kwa hiyo mche unaopandwa siku ile unakutana na mvua na unachangamka. Watu wanapita wanasema, ona ulivyoshika! Masika yanaisha Mei. Kuanzia Juni mpaka Septemba ni kiangazi, na mche wako una mizizi ya miezi miwili tu. Hapo ndipo unapokufa. Mti wa Aprili unakufa Agosti, wakati hakuna mgeni rasmi wala ngoma.

Sasa, ili uvuke kiangazi hicho, tuseme tuupe dumu moja tu la lita 20 kwa wiki. Juni hadi Septemba ni wiki 17. Hayo ni madumu 17, yaani lita 340 kwa mche mmoja. Kwa mtu mmoja ni kazi ndogo kabisa, ni chini ya maji unayooshea gari kwa miezi hiyo. Lakini kwa ile miche 5,000 ya gazetini ni lita 1,700,000. Ni maboza 170 ya lita 10,000 kila moja. Nani amewahi kuona bajeti ya upandaji miti yenye maboza 170 ndani yake? Tunaona fulana. Tunaona kofia, maturubai, chakula cha wageni na mafuta ya magari. Boza hatulioni.

Kama ungekuwa na maji ya kumwagilia miche 200 tu, basi panda miche 200. Lakini "miche 200 yapandwa" haipendezi kwenye kichwa cha habari, sivyo?

Kuna mti mmoja ambao ukiujua vizuri, utaelewa kwa nini mtindo huu wa kampeni haufai. Ni mvule.

Wengi wetu mvule tunaujua kama mbao. Mlango wa mvule, kitanda cha mvule, kabati la bibi ambalo mchwa wamelizunguka miaka 40 wakakata tamaa. Afrika Magharibi wanauita iroko. Kitaalamu ni Milicia excelsa, na ni ndugu wa ukoo mmoja na mfenesi na mforosadi. Ni mti wa misitu ya mvua ya Afrika, lakini unafika mpaka huku kwetu pwani. Ukiachwa unaweza kufika mita 50 kwenda juu, na shina lake watu wawili wakinyoosha mikono wasikutane.

Mvule una jike na dume kwenye miti tofauti. Tunda la jike ni la kijani, laini, kama tunda refu la mforosadi, na wanaolipenda ni popo. Wao ndio wanaokula na kusambaza mbegu. Mbegu zenyewe ni ndogo sana na hazisubiri: ukiziweka kabatini miezi mingi, zimekufa. Unaokota matunda yaliyoiva chini ya mti, unayaloweka, unayaponda, unachuja, unaanika mbegu kivulini kidogo, unapanda. Udongo juu yake uwe mwembamba tu. Ikishaota na kupata majani machache unahamishia kwenye viriba, unaiweka kwenye kivuli chepesi.

Hapo ndipo anapokuja adui. Kuna mdudu mdogo, jamii ya Phytolyma, anayetaga mayai kwenye ncha changa za mvule. Watoto wake wakianza kufyonza, ncha inavimba na kufanya kinundu. Kinundu kinapasuka, ukungu unaingia, ncha inaoza, mche unadumaa au unakufa. Afrika Magharibi walijaribu sana kupanda mashamba ya mvule mtupu, mistari kwa mistari kama mahindi, na mdudu huyu akawakwamisha. Ukiwaweka mvule 1,000 wachanga pamoja juani, umemwandalia karamu. Ukiuchanganya mmoja mmoja na miti mingine, ukaupa kivuli kidogo utotoni, ukaukagua kila wiki na kukata ncha zenye vinundu kabla hazijapasuka, una nafasi.

Umeona maana yake? Mvule haupandiki kwa kampeni. Hauwezi kuwa "miche 5,000". Unataka mtu anayeujua huo mmoja, anayepita asubuhi kuutazama ncha kabla hajaenda kupanda daladala. Tabia hiyo ndiyo ambayo kila mti mwingine unaihitaji pia, ila mingine inatuvumilia kidogo.

Naandika haya nikiwa Kinyerezi, ambako nimepanga. Kwa wasioijua Kinyerezi ya zamani, wazee wa hapa watakwambia palikuwa mashamba na vichaka, minazi, mikorosho na miti mikubwa ya porini hapa na pale. Leo ni mitambo ya kufua umeme wa gesi, ni lami, ni kuta zenye vioo vya chupa juu. Mto Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu, unapita bondeni kati yetu na Gongo la Mboto, unakwenda zake Vingunguti, Jangwani, mpaka baharini pale Selander. Vilima hivyo vya Pugu bado vina mabaki ya msitu wa asili wa pwani, msitu ulio karibu na jiji letu. Miaka yote hiyo tumekuwa tukiukata kwa ajili ya mkaa wa kupikia maharage mjini.

Mwenye nyumba wangu ni mama mtu mzima, aliyenunua kiwanja hiki miaka ya 1990. Siku moja alinionyesha karatasi yake ya mauziano, ile ya kuandikishana kwa mjumbe. Imeandikwa kwa mkono kwamba mpaka wa upande wa mashariki ni "mvule mkubwa". Ndivyo tulivyokuwa tunapima ardhi: mti ulikuwa shahidi, maana kila mtu alijua mti ule hauendi popote. Jirani alipouza kwa mtu mwingine, mtu huyo akataka kujenga ukuta, akaleta watu wa msumeno, mvule ukageuka mbao kwa siku mbili. Kisiki nacho kikang'olewa. Ugomvi ulioanza hapo umefika serikali ya mtaa, umefika baraza la ardhi, na mpaka leo majirani hawa wawili wakikutana msibani wanakaa mikeka tofauti. Hatua tatu za ardhi. Shahidi pekee aliyekuwa anaujua ukweli walikwishampeleka kiwanda cha samani.

"Shikamoo mama," nilimwambia siku nilipoleta miche yangu, mitatu, kwenye madumu niliyoyakata.

"Marahaba. Nini hicho mwanangu?"

"Mvule, mama."

Alicheka mpaka akakaa. "Utauona wewe huo ukiwa mkubwa? Kodi yako inaisha Desemba."

Na hapo amegusa penyewe. Hoja ya mama ndiyo hoja ya kizazi chetu kizima. Sisi tuliosoma, wenye vyeti na simu nzuri, ni wapangaji. Tunalipa miezi sita, tunahama. Leo Kinyerezi, kesho Kimara, keshokutwa Mbagala. Mti unaotaka miaka 50 na zaidi kufikia ukubwa wa kuitwa mti, unamhusu nini mtu ambaye mkataba wake ni wa miezi sita? Ndiyo maana tunapenda kampeni. Kampeni inalingana na maisha yetu: unapanda Jumamosi, unapiga picha, unaondoka.

Lakini fikiria vizuri. Mvule hauhitaji wewe uwepo kwa miaka 50. Unakuhitaji sana kwa miaka mitatu ya mwanzo: mwaka mmoja kwenye kiriba au dumu, na viangazi viwili ardhini. Baada ya hapo mizizi imeshashuka, ncha imeshapanda juu, na mti unaweza kujitegemea kuliko baadhi yetu tuliomaliza chuo. Miaka mitatu ni muda wa shahada. Ni muda mfupi kuliko mkopo wa benki. Mpangaji anaweza. Na dumu linabebeka: ukihama, unahama nalo juu ya kirikuu pamoja na godoro.

Miche yangu mitatu nayo ilipata vinundu. Nilikata ncha nikazichoma moto, ikachipua upya pembeni. Fundi anayejenga nyumba ya pili ananiita "mfugaji". Sawa tu. Kuna mtu anafuga mbwa, mimi nafuga mvule.

Swali linalofuata ni wapi pa kuupanda, na hapa tusidanganyane. Kiwanja cha 20 kwa 20 si mahali pa mvule. Mti wa mita 50 karibu na paa la bati ni kesi inayosubiri upepo. Kama una kiwanja cha namna hiyo, panda mfenesi mmoja mbali kidogo na msingi, nao ni mti wa misitu ya mvua, asili yake India, na utakula matunda wewe na majirani. Panda mstafeli, panda mdalasini. Lakini mvule upelekwe kwenye ardhi ambayo haitauzwa: viwanja vya shule za msingi, misikiti na makanisa, zahanati, makaburi.

Na kuna ardhi nyingine ambayo tunajifanya hatuioni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mita 60! Tembea bondeni huku kwetu uone kilichomo ndani ya hizo mita 60. Vyumba, mabanda ya kuku, mashimo ya wachimba mchanga, na kila masika ukingo unamegeka na nyumba ya mtu inabaki inaning'inia kama jino bovu. Mwezi Desemba 2011 tulizika makumi ya watu katika mafuriko jijini, na waliohamishwa mabondeni wakapelekwa Mabwepande. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya mradi wa Bonde la Msimbazi, na kule Jangwani nyumba zimebomolewa na watu wakalipwa fidia. Wenzetu wa chini wanalipa gharama. Sisi wa juu, tunaotuma tope, tumefanya nini? Ukanda wa mita 60 wenye mivule, mikuyu na miti mingine ya asili iliyochanganywa hauwezi kuzuia gharika peke yake, lakini unashika udongo. Na tena, ni vigumu zaidi kwa mtu kujimegea kiwanja kimyakimya pale ambapo kuna mti ambao mtaa mzima unajua ni wa nani.

Hilo la "ni wa nani" ndilo lenye uzito kuliko maji. Angalieni miti mikubwa iliyosalia Afrika Mashariki, muulize kila mmoja umesaliaje. Mti mrefu kuliko yote unaojulikana Afrika uko kwetu Tanzania, kwenye bonde moja la Mlima Kilimanjaro. Ni mkukusu, una mita 81.5, na habari zake zilitangazwa mwaka 2016. Umesalia kwa sababu bonde lenyewe halifikiki kirahisi. Pwani ya Kenya kuna misitu ya Kaya ya Wamijikenda, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008. Ile inafikika kabisa, watu wanaishi jirani nayo, na imebaki kwa sababu ina wazee wanaoitunza na miiko inayojulikana. Kwa hiyo mti unasalimika kwa njia mbili: ama uwe mahali ambapo hakuna mtu anayefika, ama uwe na mwenyewe. Dar hakuna mahali pasipofikika. Tumebakiwa na njia moja.

Mti wa kampeni hauna mwenyewe. Ni wa halmashauri, yaani si wa mtu. Mbuzi akiula, nani atamfukuza mbuzi?

Tazama hata majina ya mitaa yetu. Mikocheni, Mabibo, Mkwajuni, Mwembechai, Mnazi Mmoja, Segerea Migombani. Mababu walitaja mahali kwa mti uliokuwepo, kama ile karatasi ya mama mwenye nyumba. Sisi tumebaki na majina. Mtoto anayezaliwa Mikocheni leo mwonyeshe mkoche, atakuuliza ni ua la aina gani.

Sasa nisije nikaambiwa nalalamika tu bila kusema tufanye nini. Yangu ni matatu.

La kwanza, halmashauri zibadilishe hesabu. Lengo lisiwe miche iliyopandwa bali miti iliyo hai baada ya miaka mitatu, imehesabiwa na mtu ambaye si yule aliyeipanda. Ikiwa lengo litashuka kutoka milioni moja na nusu mpaka elfu kumi, na lishuke. Elfu kumi hai kwa mwaka ni nyingi kuliko chochote tunachokiona sasa mtaani.

La pili, kila mche uandikwe jina la mtu. Isiwe shule, iwe mwanafunzi. Mtoto wa darasa la tano akabidhiwe mche, aumwagilie mpaka anamaliza la saba, na siku ya mahafali mti ukaguliwe mbele ya wazazi. Mnatoa zawadi kwa mtoro aliyebadilika, mkose ya aliyekuza mti?

La tatu ni kwetu wanahabari. Ukialikwa kwenye uzinduzi wa kupanda miti, nenda, lakini muulize mgeni rasmi swali moja tu: ile ya mwaka juzi iko mingapi? Halafu andika jibu lake, hata kama jibu ni kikohozi. Kalamu ina kazi Septemba kuliko Aprili.

Na wewe mpangaji mwenzangu, tafuta dumu. Masika yajayo mmoja kati ya mivule yangu unakwenda shule ya msingi iliyo jirani hapa, mwalimu mkuu amekubali na ameshanionyesha kona, mbali na madarasa, karibu na mwembe utakaoupa kivuli. Mwingine unakwenda bondeni. Wa tatu mama mwenye nyumba ameniomba. Anataka kuupeleka kijijini kwao Kisarawe, ambako mpaka wa shamba haujabishaniwa bado.

Nawasilisha.